Jigi si chekecheo: maneno ya kutenga madini kwa uzito

jigi nm [li-/ya-] wingi majigi. Chombo cha kuchenjulia madini ambacho husukuma na kuvuta maji, juu na chini, kupitia wavu uliobeba tabaka la mchanga au kokoto, ili chembe zenye uzito mahususi mkubwa zishuke na zile nyepesi zibaki juu na kuchukuliwa na maji. Jigi la kiwambo, jigi la mkono, kulisha jigi, kurekebisha pigo la jigi.

Kwa nini neno hili linahitaji makala

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia lugha ya mwongozo uliotafsiriwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtafsiri aliijua lugha vizuri, lakini mtambo wenyewe hakuwahi kuuona. Jigi alikuwa ameliita “chekecheo la maji”. Neno la Kiingereza linalotaja kokoto nzito au gololi zinazotandazwa juu ya wavu wa jigi linafanana na neno la matambara, naye akaandika: “Tandaza matambara juu ya chekecheo kabla ya kufungulia maji.” Mhandisi wa uchenjuaji niliyemwonyesha sentensi hiyo aliisoma, akacheka, kisha akanyamaza. Alinieleza kwamba mchimbaji yeyote aliyezoea mwalo angeitii bila kushangaa, kwa sababu kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu ndivyo ifanywavyo: magunia na mablanketi hutandikwa ili yanase dhahabu. Kwenye jigi, kitambaa kingeziba wavu, mapigo ya maji yangekufa, na dhahabu ingeondoka pamoja na mchanga. Mwenye mtambo angelaumu jigi, angelitelekeza, na kurudi kwenye njia aliyoijua, yaani kuchanganya zebaki na mchanga mwingi iwezekanavyo.

Kosa hilo la msamiati lingelipiwa kwa dhahabu na kwa afya. Makala hii inafafanua jigi ni nini, inapendekeza majina ya sehemu na kazi zake, na kuyapa maneno ya Kiswahili ya jirani (chekecheo, ungo, kupembua, makinikia, marudio) mipaka inayoeleweka.

Chekecheo hutazama ukubwa, jigi hutazama uzito mahususi

Kuchekecha ni kutikisa kitu juu ya matundu ili kilicho kidogo kupita tundu kianguke na kilicho kikubwa kibaki. Unga hupita, pumba hubaki. Chekecheo halijui kama punje ni ya dhahabu au ya jiwe la kawaida. Linajua ukubwa tu. Maneno chekeche, chekecheo na kitenzi kuchunga, kwa maana ya kupitisha unga kwenye matundu, yote yamo katika uwanja huu mmoja wa maana.

Jigi nalo lina wavu, na hapo ndipo macho hudanganywa. Wavu wa jigi kazi yake ya kwanza ni kubeba tabaka la mchanga na kuruhusu maji yapite. Ushahidi mzuri ni jigi la mkono la wachimbaji wa almasi, kama wale wa maeneo ya Shinyanga yanayozunguka Mwadui. Mchimbaji huweka kokoto kwenye chombo cha duara chenye wavu, hukizamisha majini, hukipandisha na kukishusha kwa mapigo mafupi huku akikizungusha kidogo, kisha hukipindua chini kwa mkupuo mmoja. Kokoto hutoka kama mkate uliotolewa kwenye chombo chake: zilizokuwa chini sasa ziko juu, na kokoto nzito zimekusanyika katikati. Hapo ndipo almasi hutafutwa. Almasi hiyo haikupita kwenye tundu lolote. Ni kubwa kuliko tundu, na imetengwa huku ikiwa bado juu ya wavu. Anayeiita kazi hiyo “kuchekecha” anaeleza umbo la chombo na kuacha kazi yake.

Tofauti hii haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa chekecheo na jigi hukaa katika mtambo mmoja, kimoja kikifuatwa na kingine. Mawe husagwa kwenye karasha, unga na kokoto huchekechwa ili kupata chembe zenye ukubwa unaokaribiana, kisha chembe hizo hulishwa kwenye jigi. Vitu viwili vinavyofuatana katika mstari mmoja wa kazi haviwezi kushirikiana jina bila kuleta vurugu.

“Uzito” na “uzito mahususi”

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema dhahabu ni nzito. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haitoshelezi. Jiwe la ukubwa wa ngumi lina uzito kuliko punje ya dhahabu, na bado jigi litaishusha punje ya dhahabu. Kinachotazamwa ni uzito wa kitu ukilinganishwa na uzito wa maji yenye ujazo uleule. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huita kipimo hicho “uzito mahususi”, au hutumia neno “densiti” kwa kipimo cha karibu nacho. Mwandishi wa mwongozo aanze na istilahi kamili, aifafanue mara moja, na baada ya hapo anaweza kusema “nzito” na “nyepesi” bila kupotosha.

Takwimu chache zinaonyesha uzito wa jambo. Kwatzi, ule mwamba mweupe unaofuatana na dhahabu mara nyingi, una uzito mahususi wa 2.65. Almasi ina 3.52. Kasiteriti, jiwe linalotoa madini ya bati, ina takriban 7. Dhahabu safi ina 19.3. Wahandisi hutumia hesabu nyepesi kukadiria kama kutenga kwa uzito kutawezekana: punguza 1, ambayo ni uzito mahususi wa maji, kwenye kila namba, kisha gawanya namba ya kizito kwa namba ya chepesi. Jibu likizidi 2.5, kutenga ni rahisi. Likiwa chini ya 1.25, njia hii haifai. Kwa dhahabu na kwatzi jibu ni takriban 11. Kwa kasiteriti na kwatzi ni 3.6, kwa almasi na kwatzi ni 1.5 tu, na ndiyo maana kazi ya almasi hudai punje kubwa zilizopangwa vizuri kwa ukubwa.

Namba hizo zinafafanua pia kwa nini kuchekecha hutangulia. Chembe kubwa nyepesi na chembe ndogo nzito zinaweza kuzama majini kwa mwendo mmoja. Punje ya kwatzi yenye kipenyo cha milimita 3.6 huzama karibu sawa na punje ya kasiteriti yenye milimita 1. Ukizilisha pamoja chembe za ukubwa tofauti sana, ukubwa unaanza kuficha uzito. Chekecheo hupunguza tofauti ya ukubwa ili jigi lipate nafasi ya kuona tofauti ya uzito.

Namna jigi linavyotenga

Kila mpishi wa pwani aliyewahi kuondoa changarawe kwenye mchele analijua jambo hili kwa mikono yake. Mchele hutiwa majini kwenye sufuria, sufuria hutikiswa, mchele hunyanyuka na kulegea, na maji humiminwa polepole kwenye chombo kingine pamoja na mchele. Changarawe hubaki chini. Jigi hufanya kitendo hicho mara mia na zaidi kwa dakika, bila kuchoka.

Chini ya wavu kuna chemba iliyojaa maji. Pistoni au kiwambo husukuma maji hayo juu, nayo hupenya wavu na kulinyanyua tabaka lote. Tabaka hulegea, chembe huachana. Kisha maji hurudi chini na chembe huanza kuanguka. Mambo matatu hutokea kwa kufuatana.

La kwanza ni mwanzo wa kuanguka. Kwa kitambo kifupi sana, kabla chembe haijashika kasi na kabla ukinzani wa maji haujakua, mchapuko wake hutegemea uzito mahususi peke yake. Kwatzi huanza kwa takriban asilimia 62 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka hewani, kasiteriti kwa asilimia 86, na dhahabu kwa asilimia 95. Mapigo mafupi yanayorudiwa mara nyingi hukinufaisha kizito, maana kila pigo ni mwanzo mpya.

La pili ni kuzama kwa kusongamana. Chembe hazianguki katika maji matupu. Zinaanguka katikati ya wenzake wengi. Mchanganyiko huo wa maji na mchanga huelea kama kimiminika kizito kuliko maji, na humbeba mwepesi kwa urahisi zaidi kuliko mzito.

La tatu ni kujipenyeza. Tabaka linapokaza tena, chembe kubwa hufungana na kutulia, lakini kati yao bado kuna nafasi. Chembe ndogo nzito huendelea kushuka kupitia nafasi hizo huku maji yakivuta chini. Hatua hii huokoa dhahabu na kasiteriti ndogo ambayo vinginevyo ingepotea.

Fundi mzoefu hupima yote haya kwa vidole. Huzamisha mkono katika tabaka wakati jigi linafanya kazi. Pigo la juu likifika, tabaka liwe laini kiasi cha vidole kuingia. Maji yakirudi, lishike vidole kwa nguvu. Tabaka lililokaza muda wote limekufa. Tabaka lililolegea muda wote linachemka tu na halitengi kitu. Kwa hali hizi mbili, Kiswahili tayari kina vitenzi vinavyotosha, “kulegea” na “kukaza”, vile vile tunavyovitumia kwa kamba na kwa ngozi ya ngoma. Hakuna haja ya kuunda vingine.

Majina ya sehemu na ya marekebisho

Wavu. Neno hili linafaa kuliko “chekecheo” kwa sababu zilizokwisha elezwa. Wingi wake ni nyavu.

Kiwambo. Ngozi au mpira uliowambwa ambao husukumwa na kuvutwa ili kuendesha maji. Neno linatokana na kitenzi kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, na linaeleza kitu kwa usahihi kuliko “diaframu”.

Hori. Chemba iliyo chini ya wavu ambamo chembe nzito zilizopenya hukusanyika. Hori ni chombo cha kulishia au kunyweshea mifugo, na umbo lake linafanana vya kutosha na chemba hii. Katika mwongozo niliouhariri sehemu hii iliitwa “kibanda cha sungura”, kwa sababu neno la Kiingereza lina maana hiyo pia.

Tandiko. Kokoto nzito au gololi za chuma zinazopangwa juu ya wavu. Hapa ndipo “matambara” yalipoingia. Tandiko ni kitu kilichotandikwa, chochote kile, na halimfungi msomaji kwenye kitambaa. Hata hivyo, pale linapotajwa mara ya kwanza ni lazima lifuatwe na maelezo: “tandiko la gololi”, “tandiko la kokoto nzito”. Chembe za tandiko ziwe kubwa kuliko matundu ya wavu, zisije zikapita. Uzito mahususi wake uwe juu ya ule wa mchanga usiotakiwa, na ukaribie ule wa madini yanayotafutwa au uwe chini yake kidogo. Tandiko hulegea pamoja na pigo na kufungua njia kwa kizito, kisha hujifunga mbele ya chepesi. Ni mlango unaofunguka na kufungwa kwa kila pigo.

Kizingiti. Ukingo ambao mchanga mwepesi huuvuka na kutoka. Kizingiti kikiinuliwa, tabaka huwa nene. Kikishushwa, huwa jembamba.

Pigo. Mwendo mmoja wa juu na chini. Tutofautishe “urefu wa pigo” na “idadi ya mapigo kwa dakika”. Chembe kubwa hutaka pigo refu na la polepole. Chembe ndogo hutaka pigo fupi na la haraka. Tafsiri inayosema “ongeza nguvu ya mtikisiko” haimwambii fundi aongeze kipi kati ya viwili hivyo, na akikosea atapata kinyume cha alichokitaka.

Mvuto wa maji. Nguvu ya maji yanaporudi chini. Ukizidi, hata mchanga mwepesi hunyonywa hadi kwenye hori na makinikia huchafuka. Ukipungua mno, madini madogo hukosa nafasi ya kujipenyeza na huvuka kizingiti. Kwa hiyo huongezwa maji mapya chini ya wavu, tuyaite “maji ya hori”, ambayo hulainisha mvuto. Bomba la maji ya hori ndilo rekebisho linaloguswa mara nyingi zaidi kazini.

Kulisha. Kuingiza mchanga kwenye jigi. Kitenzi hiki kimekwisha kubalika kwa mashine za aina nyingi, na kina tahadhari ndani yake: aliyelishwa kupita kiasi hawezi kusaga chakula. Mchanga uingie kwa kiwango kisichobadilikabadilika. Jigi linalolishwa kwa vipindi, mara nyingi mara kidogo, haliwezi kushika marekebisho yoyote.

Kupepeta, kupembua na urithi wa ungo

Kutenga vitu kwa mwendo wa kurukaruka ni kazi kongwe. Georgius Agricola, katika kitabu chake De re metallica kilichochapishwa mwaka 1556, alieleza wachenjuaji wa Ulaya ya kati waliotikisa kwa mikono chombo chenye wavu ndani ya pipa la maji. Baadaye, katika milima ya Harz nchini Ujerumani, pistoni ilichukua nafasi ya mikono, na jina la milima hiyo likabaki kwa aina moja ya jigi. Neno la Kiingereza tulilolikopa hutaja pia ngoma ya kurukaruka. Chombo kimeitwa kwa mwendo wake.

Kiswahili nacho huita kazi ya ungo kwa mwendo wake. Kupeta na kupepeta ni kurusha nafaka juu ili makapi yapeperuke. Kupembua ni kutikisa ungo kwa ustadi hadi vilivyomo vijipange, chuya na chenga zikajitenga na mchele mzima. Katika kupepeta, upepo ndio unaochukua chepesi. Katika kupembua, mpangilio hutokea ndani ya rundo lenyewe, kwa mtikiso, na mkono huondoa kilichojitenga. Kati ya vitenzi hivi viwili, kupembua ndicho kinachokaribia zaidi kazi ya jigi. Kupepeta kinafaa kwa wachimbaji wanaotumia upepo mahali pasipo na maji.

Kuna pingamizi moja. Kupembua kimepanda cheo na kuhamia ofisini. “Upembuzi yakinifu” sasa ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza, na mwanafunzi hupembua hoja kabla hajawahi kupembua mchele. Je, kitenzi hiki kinaweza kurudi kwenye mchanga na maji? Naona kinaweza, kikipewa kijalizo: “kupembua kwa jigi”, “upembuzi kwa mapigo ya maji”. Maana ya kitamathali haifuti maana ya asili, huiegemea. Na mchimbaji wa Kyerwa anayetafuta kasiteriti, au mwenzake wa Kivu ambaye istilahi zake za mgodini hupitia Kifaransa, wote wawili wanaujua ungo. Neno lenye asili ya ungo huwakutanisha bila kumlazimisha yeyote kupita kwenye lugha ya mwingine.

Makinikia, marudio na topesumu

Jigi hutoa vitu viwili, na kila kimoja kina jina lenye historia.

Makinikia ni mchanga uliokusanya madini baada ya sehemu kubwa ya uchafu kuondolewa. Neno hili lilienea katika kila nyumba ya Tanzania mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Umbo lake linaelekeza kwenye kitenzi makinika, yaani kutulia na kukusanya mawazo, na kukusanya huko kumehamishwa kutoka akilini hadi kwenye madini. Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, makinikia yale yalikuwa ya shaba na dhahabu, na yalipatikana kwa kuelezwa kwenye povu, si kwa jigi. Neno linataja matokeo na halitaji njia, kwa hiyo ni halali kusema “makinikia ya jigi”. Pili, jina la mtaani “mchanga wa dhahabu” lifae kwenye habari, lisiingie kwenye mwongozo, kwa sababu linachanganya makinikia na mchanga wowote wenye dhahabu ambao bado haujachenjuliwa.

Marudio ni jina ambalo wachimbaji wadogo hulipa mchanga uliokwisha oshwa. Lugha nyingine huuona mchanga huo kama mkia, yaani mwisho. Wachimbaji wetu wameuita kwa jambo litakaloupata: utarudiwa. Jina limebeba ukweli kwamba mwalo huacha dhahabu nyingi, ambayo baadaye hufuatwa kwa sayanidi. Mchanga unaovuka kizingiti cha jigi unaweza kuitwa marudio ikiwa utachenjuliwa tena. Usipokusudiwa hivyo, “mabaki” linatosha.

Topesumu ni neno la mabwawa ya migodi, lililounganisha tope na sumu. Lisitumiwe kwa mabaki ya jigi kwa mazoea tu, kwa sababu jigi hutumia maji pekee na haliongezi kemikali. Lakini mchanga uliokwisha changanywa na zebaki kabla ya kufika kwenye jigi hutoka na zebaki yake, na hapo kulikwepa neno sumu ni kumdanganya msomaji. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unataka nchi zenye wachimbaji wadogo zikomeshe kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa. Jigi husaidia katika lengo hilo kwa kupunguza kiasi cha mchanga kinachohitaji hatua ya mwisho. Halimalizi tatizo, maana dhahabu iliyo laini sana au bapa kama jani huelea na kulitoroka. Mwongozo mwaminifu husema mambo yote mawili.

Ngeli, wingi na kitenzi

Jigi ni neno la kukopa lililoanza na silabi “ji”, na masikio ya Kiswahili husikia hapo kiambishi cha jicho, jino na jiko. Limeingia bila shida katika ngeli ya LI-YA: jigi hili, majigi haya. Tusiliundie wingi “megi” au “magi” kwa kufuata meno na macho, kwani “ji” hapa ni sehemu ya shina. Karasha na makarasha limepita njia hiyohiyo kabla yake.

Makinikia yana tatizo la kinyume. “Ma” yake ni ya shina, lakini upatanisho wake umekuwa wa wingi: makinikia haya yamepimwa. Hakuna umoja “kinikia”. Kwa kiasi, sema “gunia moja la makinikia”.

Kitenzi “kujigi” kiepukwe. Msomaji atakisoma kama kitenzi chenye kiambishi cha kujirejea, kama kujiona au kujikuna, na atabaki akitafuta shina “gi” ambalo halipo. Tumia “kupembua kwa jigi”, “kupitisha kwenye jigi” au “kuendesha jigi”. Anayeliendesha ni mwendeshaji jigi.

Sema na usiseme

Sema: Mchanga huchekechwa kwanza, kisha hupembuliwa kwa jigi.
Usiseme: Mchanga huchekechwa mara mbili, mara ya pili kwa maji.

Sema: Fupisha pigo na uongeze idadi ya mapigo kwa dakika.
Usiseme: Tikisa kwa nguvu zaidi.

Sema: Kizito hushuka chini ya chepesi, hata kisipopita kwenye wavu.
Usiseme: Dhahabu ni ile inayopita kwenye matundu.

Sema: Tabaka limekaza, punguza kiasi cha mchanga unaolishwa.
Usiseme: Kitanda kimekuwa kigumu. (Kitanda ni cha kulalia, tafsiri hii ya neno kwa neno haimsaidii fundi.)

Sema: Makinikia ya hori yamechafuka, ongeza maji ya hori ili kupunguza mvuto.
Usiseme: Mashine inachuja vibaya. (Kuchuja ni kwa vimiminika, kama tui na chai.)

Sentensi iliyosahihishwa

Ule mwongozo ulirudi kwa wenyewe ukiwa na sentensi hii mahali pa ile ya matambara: “Kabla ya kufungulia maji, panga juu ya wavu tandiko la gololi za chuma zilizo kubwa kuliko matundu; usiweke gunia, blanketi wala kitambaa chochote.” Sehemu ya pili ya sentensi haimo katika maandishi ya asili. Niliiongeza kwa kuwa msomaji wa asili hakuwahi kuzoea mwalo, na msomaji wetu amezoea. Mfasiri wa lugha ya kazi anadaiwa maneno ya aliyeandika, na anadaiwa pia mikono ya atakayesoma.

Tazama pia: chekecheo, hori, karasha, kiwambo, kupembua, makinikia, marudio, mwalo, ungo, uteo.